Magari mawili ya aina moja, usukani tofauti: tupime kabla ya kununua spea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa wengi wetu hapa Mwanza tunaoendesha magari yaliyokwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa kwetu. Imekuwa kawaida kuwasikia watu wawili wenye magari ya aina moja, mwaka mmoja na hata rangi moja, wakishangaa kwamba moja limetulia barabarani ilhali jingine linayumba, linavuta upande, au usukani wake haurudi wenyewe baada ya kona. Majibu wanayopewa gereji huwa ya haraka mno: badilisha raki ya usukani, yaani chuma kinachosukuma magurudumu ya mbele yageuke, badilisha shokapu, au uza gari hilo kwa kuwa ndivyo lilivyo. Nimefundisha ufundi wa magari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na hadi leo vijana waliopita mikononi mwangu huniita niwasaidie kukagua magari ya namna hiyo. Ninachotaka kukisema kwa msisitizo ni kwamba tofauti kati ya magari mawili yanayofanana karibu kila mara ina chanzo kinachopimika, na kwamba kupima ni lazima kutangulie ununuzi wa spea yoyote.

Kabla ya kulinganisha, ni vyema kuhakikisha kwamba magari hayo mawili kweli yanafanana. Chukua Toyota IST za toleo la kwanza, zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2007, ambazo zimejaa katika mitaa yetu. Kwa macho ni gari moja, lakini kibati cha gari kitakuonyesha kwamba nyingine ni NCP60 yenye injini ya 1300, nyingine ni NCP61 yenye injini ya 1500, na nyingine ni NCP65, ambayo ni ya 1500 inayosukumwa na magurudumu yote manne na hivyo kubeba uzito wa ziada upande wa nyuma. Mwenye NCP65 akiazima NCP60 ya jirani na kukata nayo kona kwa mwendo uleule, hapaswi kutarajia gari liitikie vilevile. Pia yapo magari madogo ya daraja la chini ambayo hutoka kiwandani bila stabilaiza ya mbele, yaani kile chuma kinachozuia gari kulala upande mmoja kwenye kona, na hakuna fundi atakayeiona kasoro mahali ambapo kiwanda hakikuweka kitu.

Hapo pia ndipo ninapopenda kuwaonya wanunuzi wanaotazama herufi za namba ya usajili kana kwamba ni cheti cha ujana wa gari. Gari lenye namba E husifiwa kuliko lenye namba D, na bei hupanda kwa sababu hiyo, lakini herufi hizo zinatueleza tu gari lilisajiliwa lini Tanzania. Gari lililotengenezwa 2004 linaweza kuwa na namba ya karibuni kabisa. Kwa suala la usukani, herufi hizo zina maana moja tu: zinaashiria gari limepita muda gani katika barabara zetu, kwenye matuta, mashimo na barabara za mawe zinazopanda vilima vya Mabatini, Igogo na Isamilo, ambako bushi, yaani raba zinazoshikilia viungo vya chini ya gari, na boli jointi, vile viungo vya duara vinavyoruhusu gurudumu kugeuka, huchoka kwa namna tofauti kabisa na zinavyochoka kwenye lami ya Japani.

Sasa nije kwenye matairi, kwa sababu hapo ndipo chanzo kinapopatikana mara nyingi zaidi, na hapo ndipo watu wanapopatazama mwisho. Tairi ndicho kitu pekee cha gari kinachogusa barabara. Kila unachokifanya kwa usukani kinafika kwenye lami kupitia eneo la raba lisilozidi sana kiganja cha mkono katika kila gurudumu. Upepo ukiwa pungufu, ubavu wa tairi unajikunja kabla gari halijaanza kugeuka, na dereva anahisi kana kwamba usukani umelegea. Upepo ukizidi, tairi linakuwa gumu, linarukaruka kwenye kokoto na kufuata kila ufa wa lami. Tairi la mbele kushoto likiwa na upepo mdogo kuliko la kulia, gari litavuta kushoto, na hakuna raki mpya itakayoliponya.

Kiasi sahihi cha upepo hakipo kwenye kumbukumbu ya kijana anayejaza upepo, wala si kile kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, ambacho ni kikomo cha juu kabisa. Kipo kwenye kibandiko kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kibandiko hicho kwa kawaida kimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu zake zinasomeka na kila mtu: palipoandikwa 220 kPa ni karibu psi 32, na palipoandikwa 230 kPa ni zaidi kidogo ya psi 33. Kipimo kichukuliwe asubuhi, tairi likiwa halijapata moto, kwa maana tairi lililotoka safari ya Magu wakati wa jua kali litaonyesha upepo mwingi kuliko ulioko kweli, na ukiupunguza hapo, kesho yake asubuhi litakuwa pungufu.

Baada ya upepo utazamwe umri na aina ya tairi. Ubavuni pana tarakimu nne zinazoeleza wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzito, yaani meno yake ya juu bado ni marefu, lakini umri mkubwa huwa raba yake imekuwa ngumu, na ugumu huo utauhisi siku ya mvua. Vilevile, magari kadhaa hushushwa bandarini Dar es Salaam yakiwa bado na matairi ya theluji, yale yenye mikato midogo mingi juu ya kashata na neno STUDLESS ubavuni. Raba yake imetengenezwa laini makusudi ili ishike barabara wakati wa baridi kali, na kwa joto letu la kanda ya ziwa inalegea kiasi kwamba gari linachelewa kuitikia usukani. Nimeona gari likitangazwa kuwa na shokapu mbovu wakati tatizo lote lilikuwa matairi ya namna hiyo, ambayo mwenyewe alikuwa anayatunza kwa sababu kashata zake zilikuwa bado ndefu.

Mwenye magari mawili yanayofanana, au mwenye jirani mwenye gari kama lake, ana nafasi ambayo fundi mwenye mashine ya bei kubwa anaweza kuitamani. Anaweza kuhamisha magurudumu yote manne ya gari linalosumbua na kuyafunga kwenye lile lililotulia, na ya huku akayapeleka kule, maadamu mashimo ya nati ni yaleyale. Kisha aendeshe yote mawili kwenye barabara ileile, akiwa na mzigo uleule na upepo uliopimwa. Tatizo likihama na magurudumu, chanzo ni matairi au rimu. Likibaki kwenye gari, chanzo kiko kwingine. Kwa mwenye gari moja tu, kubadilishana tairi la mbele kushoto na la mbele kulia kunatoa jibu la namna hiyo hiyo kwa gari linalovuta upande: mvuto ukigeuka na kuelekea upande wa pili, tairi ndilo lenye kosa. Tairi lenye mshale wa mwelekeo lisihamishwe upande bila kutolewa kwenye rimu na kugeuzwa. Nati zikazwe kwa kipimo, na si kwa kurukia spana kwa miguu. Kwa Toyota ndogo nyingi kipimo ni nyutonimita 103.

Nitoe mfano wa IST mbili, zote NCP61, nilizoombwa kuzikagua. Moja ni ya mwalimu anayekaa Igoma, ya pili ni ya shemeji yake, mama anayekaa Nyegezi. Ya mwalimu ilikuwa imetulia kabisa. Ya shemeji ilikuwa inaelea. Kwenye barabara ya kwenda Usagara, pale ambapo malori yamechimba mifereji kwenye lami, ilikuwa inafuata mfereji kama inavutwa, na juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lile la takribani kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, upepo wa ziwa ulikuwa unamlazimisha mama huyo kushika usukani kwa mikono miwili kwa wasiwasi mkubwa. Gereji moja ilikwishamfanyia alaimenti, yaani upangaji wa pembe za magurudumu, mara mbili bila nafuu, na alikuwa ameelekezwa atafute raki ya mtumba. Tulipobadilishana magurudumu, IST ya mwalimu ilianza kufuata mifereji, jambo lililoonyesha kwamba rimu za inchi 17 na matairi mapana yaliyofungwa na mmiliki wa awali yalikuwa na sehemu yake ya lawama. Lakini ile ya shemeji, ingawa sasa ilikuwa na magurudumu ya kiwandani, bado iliendelea kuelea na kuvuta kushoto. Kwa hiyo palikuwa na kasoro zaidi ya moja zilizolaliana, na hali hiyo ndiyo inayowapoteza mafundi wengi, kwa kuwa wakirekebisha moja na kuona gari halijapona kabisa, huamini kwamba walichorekebisha hakikuwa tatizo.

Tulipoliingiza gari shimoni tulikuta mambo mawili. La kwanza, gari lilikuwa limenyanyuliwa kwa spesa, yaani vipande vinavyopachikwa kwenye springi ili kuongeza kimo. La pili, bushi ya nyuma ya kontroli amu ya kushoto, yaani mkono wa chuma unaoshika gurudumu, ilikuwa imechanika, kiasi kwamba gurudumu lilikuwa linasogea mbele na nyuma kila breki ilipokanyagwa au kuachiwa. Yote mawili yanastahili maelezo.

Kunyanyua magari madogo kumeenea sana kwetu, na sababu yake naielewa vizuri. Mtu anayepanda kilima chenye barabara ya mawe kila jioni, au anayeishi mahali ambapo mvua ya masika huacha mitaro katikati ya njia, hawezi kulaumiwa kwa kutaka tumbo la gari lisikwaruze. Hata hivyo gari lilichorwa liwe na kimo fulani, na mikono inayoshika magurudumu pamoja na fimbo za usukani zimewekwa kwenye pembe zinazolingana katika kimo hicho. Ukiliinua, mikono hiyo inainama kuelekea chini, na pembe zinabadilika zote kwa pamoja. Magurudumu ya mbele, ambayo yalikuwa yanatazama mbele karibu sambamba, sasa yanatazamana au yanapeana kisogo kwa mbele, kutegemea muundo wa gari. Pia kila gurudumu linapopanda tuta au kuingia shimoni linajigeuza kidogo lenyewe bila dereva kugusa usukani, na dereva anasema gari limekuwa na akili yake. Juu ya hayo, uzito wa gari umekwenda juu, hivyo linalala zaidi kwenye kona. Spesa za raba zinazopachikwa katikati ya mizunguko ya springi naziona mbaya kuliko zote, kwa sababu zinaifanya springi moja iwe ngumu kuliko nyenzake, na mara nyingi zinafungwa bila kupima kama kushoto na kulia zimekaa sawa. Mwenye haja ya kweli ya kunyanyua na afanye hivyo kwa kiasi kidogo, pande zote sawa, na siku hiyo hiyo gari liende kwenye alaimenti. Kunyanyua bila alaimenti ni kumaliza matairi kwa makusudi.

Kuhusu bushi, hilo linaeleza kwa nini alaimenti mbili hazikumsaidia mama yule. Alaimenti ni kuzipanga pembe za magurudumu, na pembe haziwezi kupangika kwenye kitu kinachochezacheza. Mashine inasoma namba nzuri gari likiwa limesimama. Gari likitoka getini, bushi inasogea na namba zote zinapotea. Utaratibu sahihi ni kukagua na kubadilisha kwanza vilivyochoka, ndipo kupanga. Tulibadilisha bushi pande zote mbili, tukapunguza spesa, tukarudisha rimu za saizi ya kiwandani, kisha tukapeleka alaimenti. Raki ile iliyokuwa inalaumiwa ilikuwa nzima na bado iko kwenye gari.

Ukaguzi wa viungo vyenyewe hauhitaji vifaa vingi. Gari liinuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara, na kamwe mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Gurudumu likishikwa kushoto na kulia na kutikiswa, mchezo utakaoonekana ni wa tairodi au raki endi, yaani fimbo na viungo vinavyotoka kwenye raki hadi gurudumuni. Likishikwa juu na chini, mchezo ni wa beringi au boli jointi. Kisha gari likiwa chini, mtu mmoja autikise usukani kidogo kidogo huku mwingine akitazama kila kiungo kuanzia kwenye mhimili wa usukani hadi gurudumuni, na pale ambapo kipande kimoja kinasogea kabla ya kingine, hapo ndipo pana ulegevu. Kazi hii ni ya dakika chache, na fundi asiyetaka kuifanya mbele ya mteja asipewe kazi ya kubadilisha chochote.

Dereva naye ana wajibu wa kueleza tatizo kwa usahihi, kwa kuwa wakati tatizo linapotokea ni nusu ya jibu. Gari linalovuta upande muda wote lina jambo la matairi au pembe. Linalovuta pale tu unapokanyaga breki lina jambo la breki au bushi, na breki iliyong'ang'ania huacha gurudumu moja likiwa na moto mkali kuliko mengine baada ya mwendo. Usukani unaotetemeka kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa, kisha kutulia, unaomba balansi ya magurudumu. Ukitetemeka wakati wa kufunga breki tu, tazama diski. Mlio wa kukatakata unapokata kona hadi mwisho ni wa jointi ya ekseli na hauhusiani na usukani. Kuna kingine ambacho wengi hawakitambui: barabara zetu zimejengwa zikiwa zimeinuka katikati ili maji yatiririke pembeni, na kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto, gari lolote zima litateleza polepole kuelekea kushoto ukiachia usukani. Mvuto huo mdogo si ugonjwa. Kabla ya kulihukumu gari, lijaribiwe mahali palipo tambarare kweli.

Ningependa pia wasomaji wajue pembe zenyewe zinafanya nini, ili wasidanganywe. Pembe ya magurudumu kutazamana au kupeana kisogo ndiyo inayorekebishwa kirahisi, na ndiyo inayokula matairi haraka na kulifanya gari lihangaike kwenye mstari ulionyooka. Lakini kwa magurudumu ya mbele, peke yake, haivuti gari upande mmoja, inapindisha tu usukani. Pembe ya gurudumu kulala ndani au nje ikitofautiana kushoto na kulia, gari huvutwa kuelekea upande ambao gurudumu limelala nje zaidi. Ya tatu ni ule mwinamo wa nyuma wa mhimili ambao gurudumu linauzunguka likigeuka, nao ndio unaoufanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Ukipungua upande mmoja, gari huvuta kuelekea upande huo. Kwenye magari mengi madogo mwinamo huu hauna mahali pa kurekebishia, kwa hiyo ukionekana umetofautiana sana, maana yake kuna chuma kilichopinda au fremu ndogo ya mbele iliyosogea, na hapo hadithi ya gari huanza kujulikana.

Nasema hadithi kwa sababu baadhi ya magari haya yalikwisha kupata ajali. Minada ya Japani hutoa karatasi ya ukaguzi kwa kila gari, na gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa hupewa alama R au RA badala ya daraja la tarakimu. Mnunuzi ana haki ya kuiomba karatasi hiyo, na muuzaji anayeagiza mwenyewe anaweza kuipata. Pale ambapo haipo, futi ya kawaida ya kupimia inasaidia: magurudumu yakiwa yamenyooka, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. Vipimo vikitofautiana kwa kiasi cha kuonekana wazi, au ukilifuata gari kwa nyuma ukaona linakwenda kiubavuubavu kama kaa, ulizo la kwanza lisiwe la bei.

Kuhusu usukani wa umeme na ule wa mafuta nitasema machache. Aliyezoea Carina TI, ambayo usukani wake unasaidiwa na pampu ya mafuta, akihamia IST au Passo, ambazo usukani wake unasaidiwa na mota ya umeme, atauona mwepesi mno katika mwendo mdogo wa kuegesha. Huo ni muundo na si ubovu. Lakini mota hiyo inategemea umeme ulio imara. Betri iliyochoka au jenereta inayochaji chini ya kiwango huufanya usukani uwe mzito ghafla, na kabla mtu hajauziwa raki nzima apimwe umeme kwanza. Taa ya usukani kwenye dashibodi inapaswa kuwaka ukifungua swichi na kuzimika injini ikishawaka. Ikiwa haiwaki kabisa, ulizia kwa nini. Kwa usukani wa mafuta, tazama kiasi cha mafuta, hali ya mkanda, na usiushikilie usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kwa muda mrefu, kwa sababu pampu inafanya kazi dhidi ya ukuta.

Jambo linalonisumbua zaidi katika haya yote ni kwamba wateja wetu wanalipia alaimenti bila kuona namba. Mashine karibu zote zinazotumia kamera au mwanga zina uwezo wa kutoa karatasi inayoonyesha kila pembe kabla ya kazi na baada ya kazi, pamoja na kiwango cha kiwanda. Hata hivyo mteja huambiwa tu kwamba gari liko sawa, analipa, anaondoka. Siku akirudi kulalamika, hakuna anayeweza kujua kama kazi ilifanyika vibaya, kama kuna kitu kimepinda tangu siku ile, au kama pembe isiyorekebishika ilikuwa nje ya kiwango tangu mwanzo. Siwadharau mafundi wanaopima kwa kamba iliyonyooshwa kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele. Kamba ikishikwa na mtu makini inapima vizuri kabisa kutazamana kwa magurudumu, nami nimewafundisha wengi njia hiyo. Ila haiwezi kupima zile pembe nyingine mbili, na fundi wa kamba anapaswa kulisema hilo wazi kwa mteja wake. Hata yeye anaweza kuandika kwenye kipande cha karatasi milimita alizozikuta na milimita alizoziacha.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na naomba kwa heshima. Wenye gereji za alaimenti hapa jijini, kuanzia Igoma na Buzuruga hadi Kirumba na Pasiansi, wampe kila mteja karatasi ya vipimo vya kabla na baada, hata kama hakuiomba, na wakatae kufanya alaimenti kwenye gari ambalo bushi au tairodi zake zimechoka mpaka zibadilishwe. Wenye yadi na madalali wamruhusu mnunuzi kulijaribu gari kwenye barabara kuu, kwa mfano kutoka Buhongwa kuelekea Usagara au kutoka Kisesa kuelekea Magu, badala ya kulizungusha mbele ya yadi kwa mwendo ambao hakuna kasoro ya usukani inayoweza kuonekana. Na vyuo vyetu vya ufundi, VETA vikiwemo, viongeze muda wa kumfundisha kijana namna ya kutafuta chanzo, hatua kwa hatua, akianza na upepo wa tairi ambao kuupima hakugharimu chochote na kuishia na raki ambayo inagharimu sana. Kijana anayehitimu akijua kufungua na kufunga tu atabaki kubahatisha kwa pesa za watu.

Kwa wasomaji wanaojiandaa kununua, nitaongeza kwamba mtembee na geji yenu ya upepo mnapokwenda kulitazama gari, muweke matairi yote kwenye kiwango cha kibandiko kabla ya kuliendesha, na mkiweza mwendeshe magari mawili ya aina moja siku hiyo hiyo, barabara hiyo hiyo, dereva akiwa yuleyule. Andikeni mlichokihisi katika kila moja kabla hamjazungumza na muuzaji.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu wa ufundi wa magari,
Nyakato, Mwanza.